Mzizi wa mekmeko maabarani: hatua za kutoa kemikali zake, kupima antioksidanti na kupima athari kwa seli za saratani

Mekmeko ni jina la Kiamhara la Rumex abyssinicus, mmea wa familia moja na rubabu (rhubarb). Huota penye unyevu kwenye nyanda za juu za Ethiopia, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na Tanzania, kuanzia karibu mita 1,200 hadi zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kinachoitwa mzizi kwa hakika ni shina linalotambaa chini ya ardhi: nene, lenye nyama, na ukilikata ndani ni la manjano iliyokolea inayoelekea rangi ya chungwa. Ethiopia hulitumia kusafishia siagi na kuipa rangi, na pia huchemshwa likanywewa na wenye shinikizo la damu.

Wanafunzi wengi wa kemia na famasia huuchukua mzizi huu wakitaka kuonyesha mambo mawili kwa mpigo: kwamba unazima radikali huru (molekuli kali zinazodhuru seli), na kwamba unaua seli za saratani. Kisha huandika kwamba jambo la kwanza ndilo chanzo cha la pili. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Nguvu ya antioksidanti katika mzizi huu inatoka zaidi kwa tanini na flavonoidi. Nguvu ya kudhuru seli inatoka zaidi kwa antrakwinoni, yaani emodini, krisofanoli na fiskioni. Emodini yenyewe ni dhaifu katika kipimo cha DPPH (radikali huru ya zambarau inayopauka ikizimwa), na ndani ya seli ya saratani hufanya kinyume cha antioksidanti: huchochea oksijeni yenye ukali inayoichosha seli mpaka ife. Basi mwongozo huu unalenga kuyatenganisha makundi hayo mawili kwanza, ndipo kila moja lipimwe kwa njia yake. Na kwa kuwa mzizi huu ni rangi tupu, kila kipimo kinachosoma rangi kitahitaji kulindwa dhidi ya rangi hiyo.

Hatua ya 1: Kuutambua mmea na kupata kibali

Usianze kuchimba kabla ya vibali. Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI, na Ethiopia mambo ya rasilimali za mimea yako chini ya Taasisi ya Bioanuwai. Nchi zetu nyingi zimeridhia Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, kwa hiyo jamii iliyokuelekeza kwenye mmea ina haki ya kukubali au kukataa, na ya kugawiwa faida. Makubaliano hayo yaandikwe mapema. Jarida zuri litakudai, na hata lisipokudai, ni haki ya watu.

Mekmeko kamili inampita mtu kimo, na inaweza kufika mita 3 au 4. Majani yake makubwa yana umbo la pembetatu, na pembe mbili za chini hutokeza pembeni kama ncha ya mkuki. Kwenye kila kifundo cha shina kuna ala nyembamba kama karatasi, alama ya familia yake. Ndugu zake wawili huwachanganya watu. Rumex nepalensis ina majani marefu yasiyo na pembe hizo, na matunda yake yana meno yaliyopinda kama ndoana yanayong'ang'ania nguo. Rumex usambarensis hupanda na kuegemea vichaka, na majani yake ni madogo zaidi. Zote zina antrakwinoni kwenye mizizi, kwa hiyo kipimo cha kemia peke yake hakitakuonya kwamba umechimba mmea usio wenyewe.

Kata tawi lenye majani, maua na matunda, libane kwenye magazeti, ulipeleke hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa): ile ya Taifa iliyoko Arusha, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, au ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Namba ya sampuli utakayopewa ndiyo kitambulisho cha kazi yako yote. Pamoja nayo andika tarehe, mwinuko, na vipimo vya GPS.

Hatua ya 2: Kuchimba bila kuua

Subiri mbegu zikomae na kudondoka. Chimba upande mmoja tu wa shina la chini, chukua kipande kisichozidi theluthi moja, uache kichwa chenye macho ya kuchipua, kisha rudisha udongo. Kilo 1 hadi 2 za mzizi mbichi zinatosha kwa kazi yote iliyoelezwa hapa. Chukua kutoka kwa mimea mitano au zaidi, si mmoja, maana kiasi cha kemikali hutofautiana kati ya mmea na mmea.

Kwa nini msisitizo huu? Podofili ya Himalaya, Podophyllum hexandrum, ilichimbwa rizomu zake (mashina ya chini) kwa ajili ya podofilotoksini, kemikali ya kutengenezea dawa ya saratani, mpaka ikabidi mwaka 1990 iingizwe kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mmea unaotakiwa chini ya ardhi hauna namna ya kujikinga na jembe.

Hatua ya 3: Kukausha na kusaga

Osha kwa maji yanayotiririka, haraka. Ukiloweka, tanini na glukosidi (kemikali zilizofungwa na sukari) zinaondoka na maji. Kata vipande vya milimita 3 hadi 5 kwa kisu kisichoshika kutu. Kisu cha chuma cha kawaida kinaacha mistari myeusi-buluu kwenye sehemu iliyokatwa: hiyo ni tanini imekamatana na chuma, na tanini hiyo haitakuwepo tena kwenye hesabu yako.

Milimani kuna ukungu na baridi, na kukausha kwa kivuli peke yake mara nyingi huleta kuvu katikati ya kipande kabla hakijakauka. Anza kivulini penye upepo siku moja, kisha malizia kwenye oveni yenye feni, nyuzi 40, hadi kipande kivunjike kwa mlio badala ya kupinda. Unyevu uwe chini ya asilimia 10. Kupima: weka gramu 2 za unga kwenye nyuzi 105 kwa saa 3 hadi 5, pima tena mpaka uzito usibadilike. Unga huo wa kupimia unyevu utupe, usiurudishe kwenye chombo.

Saga, chekecha kwa chekecheo la milimita 1, na usiendeshe kinu mfululizo hadi kikawa cha moto. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia iliyozibwa, mbali na mwanga.

Tambua pia kwamba mzizi mbichi una antroni, ambazo hewa huzibadilisha polepole kuwa antrakwinoni. Unga wa wiki moja na unga wa miezi sita si kitu kimoja. Pima vyote ndani ya kipindi kifupi, na uandike umri wa unga.

Hatua ya 4: Jaribio la haraka kabla ya kumwaga kiyeyusho

Hili ni jaribio la Bornträger, na linachukua nusu saa. Chemsha gramu 0.5 za unga katika ml 10 za asidi ya salfuriki ya asilimia 10 kwa dakika 10. Chuja ikiwa bado moto, iache ipoe, kisha tikisa na ml 5 za toluini. Chukua tabaka la juu, ongeza ml 2 za amonia ya asilimia 10, tikisa taratibu. Tabaka la chini likigeuka waridi au jekundu, antrakwinoni zipo. Lisipogeuka, chunguza mambo mawili kabla ya kulaumu mmea: amonia iliyokaa wazi imepoteza nguvu, au sampuli ni mbichi mno na bado ina antroni ambazo hazitoi wekundu huo.

Hatua ya 5: Kutoa dondoo

Weka gramu 50 za unga kwenye chupa koni ya lita 1, mimina ml 500 za methanoli ya asilimia 80, funika, tikisa kwa saa 24 kwenye joto la kawaida. Chuja kwa pamba kisha kwa karatasi ya Whatman namba 1. Rudia mara mbili zaidi na methanoli mpya. Unganisha vichujwa vyote, vukiza kwenye rotavepa (mashine ya kuvukiza kwa ombwe) nyuzi 40. Pasipo rotavepa, tumia sahani pana mbele ya feni ndani ya kabati la kuvuta mvuke. Itachukua siku mbili au tatu, na ni bora kuliko kuchemsha juu ya jiko, ambako moto unaweza kushika mvuke wa methanoli.

Maji ya asilimia 20 yana kazi yake. Methanoli tupu hupenya vibaya kwenye kuta kavu za mmea na huacha glukosidi nyingi nyuma. Maji yakizidi nusu, sukari na wanga vinakuja kwa wingi, na dondoo linakuwa gundi isiyokauka.

Mavuno huhesabiwa hivi: uzito wa dondoo kavu ukigawanywa kwa uzito wa unga, mara 100. Gramu 6.5 kutoka gramu 50 ni asilimia 13. Namba hii iandikwe daima, kwa sababu dondoo lenye nguvu kubwa na mavuno ya nusu asilimia halina maana sawa na lenye nguvu ya wastani na mavuno ya asilimia 13.

Kama unataka kujua kinachoingia mwilini mwa mtu anayekunywa, tengeneza sampuli ya pili: gramu 50 katika ml 500 za maji, moto mdogo dakika 20 hadi 30, chuja, kausha kwa kugandisha. Methanoli haiko kwenye sufuria ya mtu yeyote, na dondoo lake halipaswi kutumika kusema lolote juu ya chai.

Hatua ya 6: Kugawanya makundi

Changanya gramu 5 za dondoo la methanoli na ml 200 za maji ya uvuguvugu, sugua mpaka lisambae. Hamishia kwenye faneli tenganishi. Tikisa na heksani ml 100 mara tatu, kisha dikloromethani ml 100 mara tatu, mwisho ethili asetati ml 100 mara tatu. Kumbuka kwamba heksani na ethili asetati hukaa juu ya maji, lakini dikloromethani hukaa chini. Usimwage tabaka lolote kabla ya kuthibitisha: dondosha tone la maji, uone linaingia tabaka gani.

Heksani huchukua mafuta na nta, lakini pia hunyakua sehemu ya krisofanoli na fiskioni, ambazo zinapenda mafuta. Ukiona heksani ni ya manjano, usiitupe. Dikloromethani huchukua emodini na wenzake. Ethili asetati huchukua flavonoidi na tanini ndogo. Majini hubaki sukari, tanini kubwa na chumvi za oksalati.

Povu zito lisilotengana ndilo tatizo la kawaida hapa, hasa kwenye dikloromethani. Chanzo ni tanini na kutikisa kwa nguvu. Ongeza kijiko kidogo cha chumvi ya kawaida, zungusha faneli badala ya kuitikisa, uiache isimame saa moja. Likikataa, lipitishe kwenye sentrifyuji dakika 10, ukitumia mirija ya kioo au ya polipropilini. Mirija ya polistirini huyeyuka ndani ya dikloromethani.

Hatua ya 7: Kutenganisha antrakwinoni kwa ngazi za alkali

Njia hii ni ya zamani, haihitaji mashine, na inafundisha kemia ya mzizi huu vizuri kuliko nyingine zote. Inategemea ukweli kwamba antrakwinoni zina viwango tofauti vya uasidi. Yenye kundi la kaboksili hutoka kwa alkali dhaifu. Emodini ina haidroksili iliyo huru kwenye nafasi ya 3, hivyo inahitaji alkali ya wastani. Krisofanoli na fiskioni zina haidroksili zilizofungwa na jirani yake kabonili, na hazitoki mpaka zisukumwe na alkali kali.

Yeyusha gramu 1 ya sehemu ya dikloromethani katika ml 100 za dikloromethani au etha. Usitumie ethili asetati hapa, kwa sababu alkali kali itaivunja kuwa asetati na ethanoli na tabaka zitavurugika. Kisha:

Tikisa na bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5, ml 30 mara tatu. Hii inabeba asidi za kaboksili.

Tikisa na kaboneti ya sodiamu ya asilimia 5, ml 30 kila mara, hadi tabaka la maji lisiwe jekundu tena. Mara tatu haitoshi kwa kawaida, tegemea tano. Humu mna emodini.

Tikisa na haidroksidi ya sodiamu ya asilimia 2, ml 30, hadi wekundu uishe. Humu mna krisofanoli na fiskioni pamoja.

Tia asidi ya haidrokloriki kwenye kila sehemu, tone kwa tone, hadi pH 2 au 3. Sehemu ya kaboneti itatoa gesi nyingi ghafla, kwa hiyo tumia bika yenye ujazo mara nne ya kimiminika. Ni hatua ya kupendeza kuitazama: wekundu mzito wa damu unapauka kuwa chungwa, halafu ghafla kimiminika kinakuwa na mawingu ya manjano, na chembe zinaanza kushuka. Weka kwenye friji usiku kucha, chuja, osha kwa maji baridi mpaka karatasi ya litmasi isionyeshe asidi, kausha. Emodini isafishe kwa kuiyeyusha kwenye methanoli ya moto na kuiacha ipoe polepole. Ikiwa safi huyeyuka karibu nyuzi 256 hadi 257. Krisofanoli huyeyuka karibu 196 na fiskioni karibu 207.

Usiache sehemu yoyote ndani ya haidroksidi usiku mzima. Fenoli hukutana na oksijeni ndani ya alkali na kugeuka matope ya kahawia.

Thibitisha kwa kromatografia ya utando mwembamba: silika, na mchanganyiko wa toluini, ethili asetati na asidi ya fomiki kwa uwiano wa 75:24:1. Krisofanoli hupanda juu kabisa, fiskioni humfuata karibu mno, emodini hubaki chini yao. Kwenye mwanga wa nanomita 366 zote hung'aa rangi ya chungwa, na mvuke wa amonia huzigeuza nyekundu. Krisofanoli na fiskioni kutenganishwa kabisa kwa silika ni kazi ya kuchosha. Kama huna HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali kwa usahihi zaidi), ziripoti kama mchanganyiko na usidai zaidi.

Hatua ya 8: Jumla ya fenoli

Tia ml 0.5 ya dondoo, ml 2.5 za kitendanishi cha Folin-Ciocalteu kilichozimuliwa mara 10, subiri dakika 5, ongeza ml 2 za kaboneti ya sodiamu ya asilimia 7.5. Acha gizani saa 2, soma kwenye nanomita 765. Mstari wa viwango utengenezwe kwa asidi ya galiki, mikrogramu 10 hadi 100 kwa ml. Kitendanishi hiki hupokea elektroni kutoka kwa chochote kinachotoa, zikiwemo sukari na vitamini C, kwa hiyo andika "sawa na asidi ya galiki" na usiite kipimo cha fenoli halisi.

Kipimo cha flavonoidi kwa aluminiamu kloridi tunashauri ukiache kwa mzizi huu. Emodini inafyonza mwanga karibu nanomita 437 na inashikamana na aluminiamu kama flavonoidi zinavyofanya. Ukisoma kwenye 415 utapata namba kubwa ya "flavonoidi" ambayo sehemu yake nzuri ni antrakwinoni.

Hatua ya 9: DPPH

Pima mg 3.94 za DPPH, yeyusha katika ml 50 za methanoli: hapo una milimola 0.2 kwa lita. Ukichanganya nusu kwa nusu na sampuli, mkolezo wa mwisho ni milimola 0.1. Tengeneza upya kila siku na uikinge na mwanga kwa karatasi ya aluminiamu.

Kwenye sahani ya visima 96, weka mikrolita 100 za sampuli na mikrolita 100 za DPPH. Mikolezo ya mwisho iwe 200, 100, 50, 25, 12.5, 6.25 na 3.125 µg/ml. Gizani dakika 30, soma kwenye 517. Kwa kila mkolezo weka pia kisima cha sampuli na methanoli bila DPPH. Kisima hicho ndicho kinachookoa kazi, kwa sababu dondoo la mekmeko lina kahawia na chungwa inayofyonza mwanga hapo hapo kwenye 517, na bila kuiondoa utaona dondoo zito likionekana dhaifu kuliko lilivyo. Hesabu ni hii, A ikiwa kiasi cha mwanga kilichofyonzwa: asilimia ya uzimaji = [A ya DPPH peke yake − (A ya sampuli − A ya rangi ya sampuli)] ÷ A ya DPPH peke yake × 100.

Weka vitamini C kama kipimo cha kulinganisha, na uitumie kujikagua. Molekuli moja ya vitamini C huzima DPPH mbili. Ili kuzima nusu ya milimola 0.1 zinahitajika mikromola 25, ambazo ni takriban 4.4 µg/ml. Kama kwako IC50 (mkolezo unaozima nusu) ya vitamini C imetoka 4 hadi 6, endelea. Ikitoka 40, kuna kosa la kuzimua, au umeripoti mkolezo wa kabla ya kuchanganya badala ya ule wa mwisho, au vitamini C yako imeoza kwenye maji tangu jana. Usisome sampuli yoyote mpaka hilo lirekebishwe. Na kwa kuwa IC50 inapanda mkolezo wa DPPH unapopanda, andika mkolezo huo kwenye ripoti, la sivyo hakuna atakayeweza kulinganisha.

Tarajia sehemu ya ethili asetati kuongoza, na emodini safi kuwa nyuma kabisa. Ikiwa kwako emodini imeongoza, shuku usafi wake.

Hatua ya 10: Kupima kwa seli, njia ya MTT

MTT ni kemikali ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Tumia angalau aina moja ya seli za saratani, mfano HeLa (za shingo ya kizazi) au MCF-7 (za titi), na moja isiyo ya saratani. Vero, za figo ya tumbili, zinapatikana katika maabara nyingi za kwetu. Hakikisha zimepimwa mycoplasma (bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara) na utambulisho wake unajulikana, kwa sababu HeLa huvamia chupa za seli nyingine na kuzichukua kimyakimya.

Yeyusha dondoo katika kiyeyusho cha DMSO, mg 20 kwa ml. Chuja kwa kichujio cha PTFE cha mikromita 0.22, maana kile cha selulosi asetati huyeyuka kwenye DMSO. Mkolezo wa juu wa 100 µg/ml utabeba DMSO asilimia 0.5. Visima vyote, pamoja na vya udhibiti, viwe na asilimia hiyo hiyo.

Siku ya kwanza panda seli 5,000 hadi 10,000 kwa kisima katika mikrolita 100 za midia (kimiminika cha kulishia seli). Visima vya pembezoni vijaze bafa tu, kwa sababu hukauka haraka na kutoa namba za uongo. Baada ya saa 24 weka sampuli, 100 hadi 1.56 µg/ml kwa kupunguza nusu nusu. Baada ya saa 48 au 72, kabla ya chochote kingine, weka sahani chini ya hadubini. Ukiona sindano za manjano zimelala juu ya seli, emodini au krisofanoli imeganda na mkolezo ulioandika haupo. Mikolezo hiyo iondoe kwenye hesabu.

Sasa ondoa midia, osha mara moja kwa bafa ya fosfeti ya uvuguvugu, ndipo uweke midia mpya yenye MTT 0.5 mg/ml. Saa 3 au 4, ondoa kimiminika, yeyusha fuwele za zambarau kwa mikrolita 100 za DMSO, soma kwenye 570 ukitoa usomaji wa 650. Kuosha si hiari. Tanini na fenoli zinaweza kuigeuza MTT kuwa zambarau zenyewe bila seli yoyote kuwa hai, na matokeo yake ni kuona seli "zimestawi" kwenye dondoo lililoziua. Weka visima visivyo na seli, vyenye dondoo na MTT, kwa kila mkolezo. Vikigeuka zambarau licha ya kuosha, achana na MTT utumie sulforodamini B, inayopaka protini na haijali elektroni za mmea.

Kuna mtego wa pili, nao ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Fenoli zikiwa kwenye midia kama DMEM huoksidika na kutoa hidrojeni peroksidi. Seli zinakufa kwa peroksidi iliyozaliwa ndani ya sahani, si kwa sababu dondoo lina shabaha yoyote ndani ya seli. Rudia mikolezo miwili inayozunguka IC50 (hapa ni mkolezo unaopunguza seli hai hadi nusu) ukiwa umeongeza katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi hiyo, uniti 100 kwa ml. Sumu ikitoweka, ulichopima ni kemia ya midia.

Visima vitatu kwenye sahani moja ni jaribio moja. Fanya siku tatu tofauti, na seli za kizazi tofauti, kisha tumia mkunjo wa logistiki wa vigezo vinne kupata IC50. Doksorubisini, dawa ya saratani ya kulinganishia, iwe kwenye kila sahani.

Hatua ya 11: Kusoma namba

Kwa dondoo ghafi, kizingiti kilichozoeleka, chenye asili katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ni IC50 ya 20 hadi 30 µg/ml au chini, na kwa kemikali safi ni chini ya 4 µg/ml. Dondoo lenye IC50 ya 150 µg/ml halina habari ya saratani, hata kama mchoro wake umependeza. Kemikali safi zigeuze kwenda mikromola: emodini ya 10 µg/ml, uzito wa molekuli ukiwa 270.24, ni mikromola 37. Gawa IC50 ya Vero kwa IC50 ya seli za saratani. Uwiano ukiwa 1, umepata sumu ya kila seli. Wengi huanza kuzingatia kuanzia 3.

Andika pia asilimia ya seramu ya ndama, kwa sababu emodini hushikwa na albumini, na kutoka asilimia 10 kwenda 2 kunaweza kuishusha IC50 bila kemikali kubadilika. Na mwilini kuna kikwazo kingine: emodini iliyomezwa hufungwa haraka na asidi ya glukuroni kwenye utumbo na ini, hivyo kiasi kinachofika kwenye damu kikiwa huru ni kidogo sana ukilinganisha na kilichokuwa kwenye kisima.

Podofilotoksini inaua seli kwa mikolezo midogo mno, lakini ilikuwa na sumu kubwa kupita kiasi kwa mgonjwa. Ilibidi ibadilishwe kikemia kuwa etoposidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983. Huo ndio umbali kati ya kisima cha plastiki na dripu ya hospitali. Kwa hiyo mwenye saratani akikuuliza kama anywe mekmeko, mwambie asiache matibabu, na amweleze daktari wake kama tayari anakunywa. Antrakwinoni zinaharisha, kuharisha kunapoteza potasiamu, na mimea ya jenasi hii ina oksalati inayolemea figo, ambazo dawa kadhaa za saratani tayari zinazitesa. Wajawazito wasiuguse.

Kuhifadhi na kutupa

Dondoo kavu likae kwenye chupa ndogo za kahawia, nyuzi −20, na lebo yenye namba ya hebaria, tarehe, kiyeyusho na mavuno. Lililoyeyushwa kwenye DMSO ligawe mikrolita 50 kwa kila mrija, usiligandishe na kuliyeyusha zaidi ya mara mbili. Dikloromethani ikusanywe kwenye chupa ya taka zenye klorini, peke yake, mbali na asetoni na alkali. Heksani, toluini na methanoli zina chupa yao nyingine. Midia yenye seli ikae kwenye hipokloriti dakika 30 kabla ya kumwagwa, na sahani za MTT ziende kwenye taka za kuchomwa. Glavu za nitrili hazizuii dikloromethani kwa zaidi ya dakika chache, kwa hiyo ikikumwagikia mkononi zivue mara moja, unawe, na uvae mpya.